Ukipata barua kwamba taarifa zako zimevuja

SOMO LA KUSOMA NA KUJADILI



Leo tunazungumza juu ya barua ambayo hakuna anayependa kuipokea. Inaweza kutoka kwa shirika la misaada, kampuni ya simu, benki, hospitali au ofisi ya serikali. Kwa ufupi inasema hivi: "Tulikuwa tumehifadhi taarifa zako. Watu wasioruhusiwa wameziona au wameziiba. Tunasikitika." Wengine hupata habari hiyo kwa simu, kwa tangazo lililobandikwa ukutani, au kwa mfanyakazi anayefika nyumbani.

Kwa mkimbizi jambo hili lina uzito wa pekee. Ulipoandikishwa ulieleza mengi: jina lako na la wazazi wako, kijiji ulikotoka, sababu iliyokufanya ukimbie, watoto ulio nao, na ndugu mliopotezana njiani. Ulieleza hayo yote ili usaidiwe. Sasa unaambiwa kwamba mtu mwingine huenda ameyasoma.

Usiichane barua hiyo, na usikimbilie kubadili maisha yako yote siku hiyo hiyo. Yako mambo ya kufanya, na yana utaratibu wake. Kabla ya kuyaeleza, shika neno moja ambalo ndilo kiini cha somo hili: MTU ANAYEJUA HABARI ZAKO SI LAZIMA AWE AMETUMWA NA SHIRIKA LAKO.

TAARIFA KUVUJA MAANA YAKE NINI?

Wengi wenu mnaijua Bandari ya Bujumbura, ama mlipita hapo, ama mna ndugu anayefanya kazi ya kubeba mizigo huko. Meli na boti huleta shehena kutoka Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Kila mzigo una karatasi yake, na karatasi inaonyesha jina la mwenye mzigo, idadi ya magunia na mahali yanakopelekwa.

Sasa fikiri kwamba usiku mtu amechungulia karatasi hizo na kuziandika upya. Hakuna gunia hata moja lililoondoka. Lakini asubuhi mtu huyo anakwenda kwa karani na kusema kwa uhakika: "Mimi ndiye mwenye magunia 40 ya mahindi yaliyofika jana kwa jina la fulani." Karani asiye makini atasema: "Kama anajua yote hayo, bila shaka ni yeye." Karani mwenye busara atadai kitambulisho na hati yenye muhuri, kwa sababu anajua kwamba karatasi inaweza kusomwa na mtu yeyote.

Taarifa zako zikivuja, hali ni hiyo hiyo. Faili lako bado lipo ofisini, jina lako halijafutwa na kadi yako ya chakula bado ni yako. Hatari ni kwamba mtu mgeni sasa anaweza kusema mambo yanayokuhusu wewe, nawe ukamwamini kwa sababu ya kuyajua.

JAMBO LILILOTOKEA KWELI

Tarehe 18 Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wezi wa kompyuta walikuwa wameingia katika mitambo yake. Kesho yake iliutangazia ulimwengu. Taarifa zilizoguswa zilikuwa za watu zaidi ya 515,000, zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60.

Watu hao walikuwa akina nani? Walikuwa watu waliopotea na familia zinazowatafuta, watoto waliotenganishwa na wazazi, wafungwa, na wengine waliotawanywa na vita, maafa au uhamaji. Yaani ni watu kama sisi. Taarifa zilikuwa pamoja na majina, mahali watu walipo na namna ya kuwapata. Wakati huo kazi ya kuunganisha familia ilikuwa ikiwakutanisha watu wapatao 12 kwa siku na jamaa zao, kwa wastani wa dunia nzima. Ilibidi mitambo ya kazi hiyo izimwe, na wafanyakazi wakaendelea kwa njia za polepole zaidi.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wezi waliingia tarehe 9 Novemba 2021. Walipita katika programu moja ambayo kasoro yake ya usalama ilikuwa haijazibwa. Hivyo walikuwa ndani siku 70 kabla ya kugunduliwa.

Msalaba Mwekundu ulianza kuwajulisha wahusika kwa simu, kwa matangazo na kwa barua. Mahali pengine wafanyakazi walilazimika kusafiri hadi vijiji vya mbali ili kuwaeleza watu ana kwa ana.

Katika habari hiyo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, hata shirika linaloaminika linaweza kuibiwa, na kujulishwa ni dalili kwamba linatimiza wajibu wake. Pili, barua hufika baada ya jambo kutokea. Kwa hiyo usifikirie tu simu zitakazokuja kesho. Kumbuka pia simu za ajabu ulizopokea miezi iliyopita.

HATUA YA KWANZA: HAKIKISHA BARUA NI YA KWELI

Wapo matapeli wanaoandika barua za uongo za aina hii ili wakutishe. Basi fanya hivi:

1. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua, wala usibonyeze kiungo kilichotumwa kwenye simu yako. Nenda kwa miguu yako kwenye ofisi unayoijua, au piga namba ile uliyokuwa nayo zamani, au iliyo kwenye bango la ofisi.

2. Uliza: "Je, barua hii imetoka kwenu? Nani anashughulikia jambo hili?" Andika jina la ofisi na tarehe.

3. Angalia barua inataka nini. Barua ya kweli inakueleza kilichotokea na la kufanya. Haikuombi fedha, haikuombi namba ya siri ya Lumicash, EcoCash au M-Pesa, na haikuambii utume picha ya kadi yako kwa mtu usiyemjua.

Huduma za UNHCR ni bure. Kutafutiwa ndugu na Msalaba Mwekundu ni bure pia. Anayekudai malipo ili "asafishe faili lako" ni mwizi, hata kama amevaa fulana yenye alama ya shirika.

HATUA YA PILI: ULIZA NI TAARIFA ZIPI

Watu wengi huondoka ofisini bila kuuliza swali lililo muhimu. Usikubali jibu la "taarifa zako zimevuja" tu. Uliza haya matano:

1. Ni taarifa zangu zipi hasa? Jina, namba ya simu, mahali ninapoishi, picha, alama za vidole, au maelezo ya sababu iliyonifanya nikimbie?
2. Je, na taarifa za watoto wangu na ndugu zangu zimo?
3. Jambo hili lilianza lini na liligunduliwa lini?
4. Je, taarifa ziliibwa, au zilionekana tu, au zilipotea?
5. Ofisi imefanya nini, na nikipata tatizo nimwone nani?

Kama ofisi haina jibu siku hiyo, omba siku ya kurudi, na urudi. Barua yenyewe itunze pamoja na hati zako nyingine. Usiipige picha na kuituma kwenye kikundi cha simu, maana huenda ina jina lako kamili na namba yako ya faili, na hapo utakuwa umeivujisha mara ya pili wewe mwenyewe.

HATUA YA TATU: KILA UGONJWA NA DAWA YAKE

Namba ya simu ikivuja: Si lazima uibadilishe. Ukiibadilisha, huenda ndugu yako anayekutafuta akaikosa. Badilisha namba ya siri ya huduma ya fedha ya simu. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, kwa sababu mwaka huo nao upo kwenye faili. Na ukiona laini yako imekatika ghafla kwa muda mrefu huku majirani wa mtandao huo huo wanapata mawimbi, nenda haraka kwa wakala wa kampuni. Huenda mtu amejifanya wewe na kuihamisha laini yako.

Neno la siri likivuja: Libadilishe siku hiyo hiyo. Kama ulilitumia neno lile lile mahali pengine, badilisha na huko.

Namba ya kadi au ya faili ikivuja: Ijulishe ofisi ya uandikishaji, uombe waandike kwamba umetoa taarifa. Siku za mgao, angalia kama jina lako limesainiwa na mtu mwingine. Likisainiwa, lalamika siku hiyo hiyo, usingoje mgao unaofuata.

Alama za vidole au picha ya mboni ya jicho zikivuja: Hizi huwezi kuzibadili kama unavyobadili namba. Uliza ofisi ina njia gani ya pili ya kukutambua, kwa mfano picha, kadi na maswali, ili alama peke yake isitoshe.

Mahali unapoishi au sababu ya kukimbia kwako vikivuja: Hili ndilo zito kuliko yote, hasa kama umekimbia mtu au kundi linalokutafuta. Mwone afisa wa ulinzi wa wakimbizi. Usieleze habari zako kwenye foleni. Sema tu: "Nina jambo la ulinzi, naomba chumba cha faragha." Una haki ya kuomba mkalimani asiyetoka kijiji chenu, na mwanamke ana haki ya kuomba kusikilizwa na mwanamke. Ukiona hatari ya sasa hivi, kama mtu kukufuata au kukutumia vitisho, usingoje siku ya zamu. Nenda mara moja, na mwambie mtu mmoja unayemwamini mahali unakokwenda.

Taarifa za mtoto zikivuja: Mwambie mlezi wake, mwalimu wake na ofisi inayoshughulikia watoto. Akija mtu anayejua jina la mama wa mtoto, jina la kijiji na siku waliyopotezana, hilo halitoshi. Mtoto hakabidhiwi kwa mtu kwa sababu tu mtu huyo anajua hadithi yake. Anakabidhiwa kwa njia ya ofisi, baada ya uchunguzi, kwa maandishi.

HATUA YA NNE: JITAYARISHE KWA SIMU ITAKAYOKUJA

Tuseme mama mmoja kambini ameandikisha jina la mwanawe waliyepotezana. Mfano huu tumeutunga ili kufundishia. Siku moja simu inalia.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka Bandari ya Bujumbura. Tumempata mwanao."

Mama moyo unamwenda mbio. Mpigaji anataja jina la kijana, jina la kijiji, hata mwaka waliopotezana. Kisha anasema: "Ameshuka na boti asubuhi hii. Polisi wamemshika kwa kukosa karatasi. Tuma faranga 150,000 kabla ya saa kumi, la sivyo watamrudisha."

Angalia jinsi uongo huu ulivyofumwa. Bandari ipo kweli. Boti hufika kweli. Jina la mtoto ni la kweli. Mama yuko kambini, hawezi kwenda bandarini saa ile kutazama. Na mpigaji amempa saa chache tu ili asipate muda wa kufikiri. Kitu kimoja tu ndicho cha uongo, nacho ndicho chenye bei.

Mama afanye nini? Ajibu kwa upole: "Asante, baba. Ngoja nimwone mtu wa Msalaba Mwekundu hapa kambini, yeye atawasiliana na wenzake wa Bujumbura."

Kama mpigaji anasema kweli, atafurahi. Kama ni tapeli, atasema: "Hapana mama, usimwambie mtu, watakuchelewesha." Hapo amejitangaza mwenyewe. Anayekukataza kwenda ofisini ndiye anayeiogopa ofisi.

Mambo mengine ya kukusaidia kwenye simu ya namna hiyo:

1. Usijaze mapengo. Mpigaji akisema, "Yule mwanao mkubwa...", usimjibu, "Ah, yule fulani?" Mwache ataje yeye. Matapeli wengi huvua habari kwa ndoano ya maneno yako mwenyewe.

2. Uliza jambo ambalo halikuandikwa kwenye faili lolote: jina la utani la nyumbani, kovu lilipatikana namna gani, nani alilala upande gani wa nyumba. Ukiambiwa ni ndugu yako, omba useme naye. Lakini hata sauti peke yake usiitegemee, kwa kuwa siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu.

3. Usitume fedha siku ile. Anayekupenda kweli ataweza kungoja hadi ofisi ifunguliwe.

4. Andika kwenye daftari tarehe, saa, namba iliyopiga, jina alilojiita na alichotaka. Peleka daftari hilo ofisini. Watu kumi wakileta daftari zao, ofisi inaweza kuona kwamba ni tapeli mmoja anayezunguka, na kuwaonya wengine.

Tunajua kwamba ushauri huu ni mgumu kuufuata. Mzazi aliyemtafuta mwanawe miaka mingi hataki kumshuku mtu anayemletea habari njema. Wala hatusemi ukate tamaa. Habari njema za kweli hufika pia, na zikifika zinaweza kuhakikishwa. Kwenda kuhakikisha si kukosa imani, ni kumlinda mwanao na wewe mwenyewe.

MAMBO YA KUEPUKA

Usijifute kwenye orodha kwa hofu. Baada ya barua kama hii wengine husema: "Nitaomba jina langu liondolewe kabisa." Fikiri kwanza. Kama jina lako halipo kwenye orodha ya wanaotafuta ndugu, ndugu yako akija kukuulizia kesho hatakupata. Zungumza na ofisi. Mara nyingine inawezekana kuondoa sehemu moja tu, au kuzuia jina lisitangazwe hadharani, bila kufunga faili lote.

Usibadili jina wala mwaka wa kuzaliwa ili ujifiche. Taarifa mbili zisizolingana zitakuletea mashaka kwenye mgao, shuleni, na siku ya kurudi nyumbani au kuhamia nchi nyingine.

Usieneze uvumi. Ukisikia bombani kwamba "orodha yote imeuzwa kwa adui", uliza: Nani amesema? Ameiona wapi? Uvumi umewahi kuwafanya watu wahame usiku bila sababu. Ulizeni ofisi iitishe mkutano na viongozi wa mitaa.

Usimshambulie karani wa uandikishaji. Mara nyingi kosa halikufanyika kwenye meza yake. Lakini usinyamaze pia. Ukiwa na ushahidi kwamba mfanyakazi anauza taarifa au anadai rushwa, tumia sanduku la malalamiko au mwombe mkuu wa ofisi akusikilize kwa siri.

HAKI ZAKO

Taarifa zako ni zako, hata kama ziko kwenye kompyuta ya mtu mwingine. UNHCR ilitoa mwaka 2015 kanuni zake za kulinda taarifa za watu inaowahudumia. Ndani yake kuna haki ya kuelezwa taarifa zinakusanywa kwa nini, haki ya kuomba kuziona, haki ya kuomba zisahihishwe au zifutwe, na haki ya kupinga. Kanuni hizo zinasema pia kwamba uvujaji ukiweza kumletea mtu madhara, ofisi ijitahidi kumjulisha bila kuchelewa.

Nchi za jirani nazo zimetunga sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Uvujaji unaoweza kuleta madhara ukigunduliwa, Kamishna wa Data lazima ajulishwe ndani ya saa 72, na mwenye taarifa naye ajulishwe kwa maandishi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fahamu kwamba mashirika ya Umoja wa Mataifa hufuata kanuni zao yenyewe. Kwa hiyo malalamiko juu yao hupelekwa kwanza ndani ya shirika, lakini malalamiko juu ya kampuni ya simu au benki hufuata sheria ya nchi.

Siku nyingine ukiandikishwa na shirika lolote, uliza kabla ya kujibu: Mnataka habari hii kwa kazi gani? Nani mwingine ataiona? Kuna swali ambalo naweza kutolijibu bila kupoteza msaada? Karani mwema hatakasirika kwa kuulizwa.

KWA UFUPI

1. Hakikisha barua kwenye ofisi unayoijua.
2. Uliza ni taarifa zipi zilizovuja, na tangu lini.
3. Chukua hatua inayolingana na kilichovuja.
4. Andika simu na wageni wa ajabu kwenye daftari.
5. Usilipe, usitoe namba ya siri, usimkabidhi mtoto.
6. Usijifute kwenye orodha kwa hofu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtu anakupigia na kutaja namba yako ya kadi bila kukosea. Je, hilo linathibitisha kwamba ametoka ofisini? Kwa nini?
2. Katika mfano wa simu ya bandarini, ni maneno gani yaliyomfichua tapeli?
3. Hapa kambini, ni ofisi ipi unayoweza kuifikia kwa miguu ili kuhakikisha barua? Ni siku zipi inafunguliwa?
4. Ni swali gani ungeweza kumwuliza ndugu yako, ambalo jibu lake halijaandikwa popote? Lifikirie kimya. Usilitaje mbele ya kikundi.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii. Kama hajui kusoma, msomee, hasa wazee na watoto wanaoishi bila wazazi.